Dereva na Shangazi wa Kwenye Dashibodi

Asubuhi ile mke wangu alitangulia kuamka, kama kawaida yake. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa uani, nikajua yuko wapi. Nikachemsha chai.

Gari lilikuwa pale pale siku zote, pua kwenye geti, mkia kwenye kamba ya nguo. Alikaa kiti cha dereva, amevaa sweta lake la kijivu, miguu mitupu. Ufunguo alikuwa ameuzungusha hatua moja tu, ile ya redio. Injini hakuiwasha. Kuendesha alikuwa ameacha, na aliacha mwenyewe. Nitaeleza.

Nikampa kikombe dirishani.

"Ameshajipata?" nikamuuliza.

"Bado. Anatafuta."

Kwenye kioo cha dashibodi, kile chenye ramani, kuna mshale. Ukiwa wa kijivu maana yake chombo hakijajua kilipo. Tukautazama wote wawili, yeye ndani, mimi nje nimeinama. Chai ikawa inatoa mvuke. Mshale ukageuka bluu.

"Haya," akasema. "Tupo." Akabonyeza picha ya nyumba, kama alivyofanya kila asubuhi.

"Tupo wapi?"

"Nyuma ya mashine ya kusaga, eti. Mwongo huyu."

Akacheka, akanywa. Akasema sukari imezidi. Nikamwambia sukari ni ile ile, ulimi wake ndio umerudi utotoni.

"Ulimi wangu ulikuwa wa kitoto siku niliyokukubali wewe," akasema.

Ilikuwa asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Sikujua. Ningejua ningepunguza sukari.

Alikuwa mgonjwa wa kusahau. Kufa hakukumtisha. Aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni siku atakayoshindwa kurudi nyumbani kwa akili yake mwenyewe. Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Kwake halikuwa dogo, kwa sababu ya kazi aliyoifanya.

Alikuwa dereva wa teksi. Alianza zamani, abiria wa kiume wakifungua mlango na kumwona, wanafunga tena wanakwenda gari la nyuma. Yeye anangoja. Gari la nyuma likikataa kuwaka, wanarudi mmoja mmoja na aibu zao.

"Karibu baba," anawaambia. "Usukani haukuniuliza mimi ni nani."

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Nimekaa kwenye magari mengi kuliko waziri, na sijaendesha hata moja. Yeye nilimpata kwa kiti. Alileta gari la tajiri wake, kiti cha dereva kimepasuka, sponji imelala upande mmoja. Nikamwambia aliache, arudi jioni. Akasema haachi gari kwa mtu asiyemjua. Akakaa juu ya debe akanitazama nikishona, mpaka nikajichoma sindano.

"Fundi," akasema, "unashona kiti au unashona kidole?"

Tangu siku hiyo akaniita Fundi, nami nikamwita Dereva. Hata tulipopata mtoto. Hata mbele ya wageni. Majina yetu tuliyaacha kwa karani aliyetuandikisha ndoa.

Barabara zote zilikuwa kichwani mwake. Abiria akisema nipeleke kwa yule daktari wa meno mwenye mbwa, anakwenda. Alijua maji yanajaa wapi mvua ikinyesha. Alijua kona ipi haipitiki shule zikitoka. Hakuuliza njia. Alisema dereva akiuliza njia, abiria anaanza kumwita dada.

Gari hili la mwisho ndilo lililokuwa lake mwenyewe. Lilikuja limetumika, limetoka nchi ya mbali, na lina kile kioo. Tulipolitia ufunguo mara ya kwanza, mwanamke akazungumza humo ndani kwa lugha ambayo hatukujua hata salamu yake. Kioo kizima kilikuwa bluu. Mshale umesimama katikati ya bluu.

"Fundi," akasema, "tumezama."

Akalileta gereji ninapofanyia kazi, kwa fundi umeme wetu. Watu wote wanamwita Waya. Waya ana kitambi na watoto wanne, lakini kwa Dereva alikuwa "mwanangu" tu. Akafungua dashibodi, akatoa kadi ndogo kama ukucha.

"Mama, ramani haitoki angani. Imo humu. Hii ni ramani ya huko gari lilikotoka. Chombo kimejua kiko huku kwetu, ila hakina mchoro wa huku. Ndiyo maana kinakuonyesha bluu."

"Kwa hiyo kinajua kilipo, hakijui pakoje."

"Hapo hapo."

"Kama mume wangu sokoni."

Gereji nzima ikacheka. Nami nilicheka, ningefanyaje.

Waya akahangaika huku na huku mpaka akapata kadi ya kwetu. Alipoitia, yule mwanamke wa ndani akaanza Kiswahili, kile cha taarifa ya habari. *Baada ya mita mia mbili, pinda kulia.* Dereva akamsikiliza, mikono kiunoni.

"Huyu ni shangazi," akasema. "Haombi, hasemi tafadhali, anaagiza tu."

Jina likakaa.

Lakini hakuridhika. Alitaka kujua Shangazi amejuaje. Hakuwa mtu wa kupanda gari asilolielewa.

"Kuna mtu huko juu ananitazama?" akamuuliza Waya.

"Hakuna, mama. Juu kuna setilaiti, nyingi, zinazunguka. Kazi yao ni kutangaza tu. Kila moja inasema: mimi ni fulani, niko mahali fulani, saa hizi ni saa fulani. Basi. Wala haijui kama wewe upo."

"Inasema tu, bila kujali kama kuna anayesikia."

"Ndiyo."

"Nimeelewa. Jirani yetu."

Waya akagonga kile kidude juu ya paa la gari, kilichokaa kama pezi la samaki. Akasema hilo ndilo sikio. Tangazo linatoka juu na saa yake. Likifika hapa chini limechelewa kidogo, kidogo sana, huwezi hata kufumba jicho. Chombo kinapima limechelewa kiasi gani. Kutoka hapo kinajua limetoka umbali gani.

"Moja haitoshi?" Dereva akauliza.

Hapo Waya akaja kwangu akachukua uzi wangu wa kushonea viti, ule wenye nta, bila kuniomba. Akafunga ncha moja kwenye nguzo ya banda. Ncha ya pili akampa Dereva.

"Vuta unyooke. Umbali wako na nguzo ni uzi huo. Uko wapi?"

Dereva akazunguka nao, anaburuta kiatu vumbini. Akachora duara. "Popote hapa," akasema.

Waya akafunga uzi wa pili kwenye bampa la gari bovu. Sasa nyuzi mbili zilinyooka pamoja mahali pawili tu, pa kwanza karibu na cherehani yangu, pa pili kwenye pipa la oili chafu. Akafunga wa tatu kwenye geti. Zikanyooka zote mahali pamoja. Dereva alisimama mbele ya cherehani yangu, nyuzi tatu mkononi, kama mtu anayechunga mbuzi watatu.

"Hapa," akasema.

"Hapo. Na angani wanaongeza ya nne, kwa sababu saa ya kwenye gari ni ya kawaida tu, haiaminiki. Ya nne ni ya kuisahihisha."

"Na njia? Njia kaijuaje?"

"Njia haijui, mama. Anajua ulipo, na unakotaka umemwambia. Halafu anasoma ramani yake, anajumlisha vipande vya barabara, hiki dakika mbili, kile tano, anachagua pa kupita. Ukimkaidi, anaanza upya kutoka pale ulipo."

"Bila kugomba?"

"Bila kugomba."

Dereva akanigeukia. "Umesikia, Fundi?"

Uzi ule ulichafuka, haukufaa tena kushonea. Sikuutupa.

Siku ya kumwonyesha Shangazi nyumbani kwetu ndipo lilipotokea kosa. Waya alimwambia Dereva aegeshe mlangoni kwetu, ashikilie ile picha ya nyumba, chombo kitaweka. Akafanya hivyo. Lakini kichochoro chetu hakimo kwenye ramani. Walioichora hawakufika kwetu, na siwalaumu, gari linapita kwa kukunja vioo vya pembeni. Sasa Shangazi hapendi mshale uelee mahali pasipo na barabara. Akikuona hapo, anakubandika kwenye barabara ya karibu. Ya karibu kwetu ni ile ya nyuma, ng'ambo ya ukuta, kwenye mashine ya kusaga. Basi nyumbani kwetu kukawa nyuma ya mashine ya kusaga.

Jioni Dereva alikuwa akinipitia gereji, tunarudi pamoja. Anamwasha Shangazi kwa mzaha. Tukifika kwenye ule ukuta, Shangazi anatangaza: *Umefika unakokwenda.*

"Bado kidogo, Shangazi," Dereva anamjibu. Anapinda kona mbili, anakunja vioo, tumefika.

Waya alitaka kumrekebishia. Dereva akakataa. Alisema Shangazi akirekebishwa, yeye atakosa la kumjibu.

Tukaishi hivyo miaka mingi. Binti yetu akamaliza shule, akapata kazi duka la dawa, akaolewa. Sponji ya kiti cha Dereva ikalala upande wa kushoto, anakoegemea. Nikaibadilisha, ikalala tena.

Kusahau kulianza na vitu vya kusahaulika. Miwani. Chumvi. Kisha jioni moja tumetoka gereji, tumefika njia panda ya kwanza, akasimama. Njia panda ile aliipita kila siku ya Mungu. Nyuma wakapiga honi. Akanyoosha kidole akabonyeza picha ya nyumba. Safari hii haukuwa mzaha, nilimwona usoni. Shangazi akasema pinda kushoto, akapinda kushoto. Akasema nenda moja kwa moja, akaenda. Mimi nimeshika magoti yangu. Tukafika ukutani. *Umefika unakokwenda.*

Akautazama ukuta. Halafu akasema, polepole, "Bado kidogo, Shangazi."

Nilishukuru, hata leo siwezi kueleza nilivyoshukuru.

Hakuniambia kitu, nami sikumuuliza. Akapunguza abiria, akabaki na wale wa zamani, halafu nao akawaaga. Daktari alisema mishipa midogo ya kichwani inaziba. Unaziba mmoja leo, mwingine baadaye, na kila ukiziba kuna kitu kinabaki ng'ambo. Dawa zipo za kupunguza mwendo wake. Za kurudisha hakuna.

Ndipo ikaja siku ya ukuta.

Nilikuwa gereji, nashona viti vya basi la shule. Yeye alikwenda kununua sabuni, hapo hapo karibu, kwa gari. Simu ikalia. Alikuwa mwenye mashine ya kusaga, anapaza sauti, nyuma yake mashine inanguruma.

"Mzee, njoo. Mama yuko kwangu. Anatafuta mlango."

"Mlango gani?"

"Njoo tu, mzee."

Waya akanipakia kwenye gari la mteja. Tulimkuta. Gari lake ameliegesha vizuri kabisa, sambamba na ukuta, taa za hatari zinawaka. Shangazi alikuwa ameshamwambia amefika. Naye amesimama mbele ya ukuta, ufunguo wa nyumba mkononi, anaupapasa. Anapapasa tofali kwa tofali, kwa kiganja, kama mimi ninavyopapasa kiti nitafute pale sponji ilipokufa. Watu wa foleni wamesimama na ndoo zao za mahindi wanamtazama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Dereva," nikasema.

Akageuka. Vidole vyake vimejaa unga na vumbi la tofali.

"Fundi, wameziba mlango."

Nikasogea nikapapasa ukuta pamoja naye. Ni Waya aliyesema, kwa sauti ya kazi, kama anavyomwambia mteja gari lake lina nini:

"Mama, hapa ni kwenye mashine ya kusaga. Upande wa nyuma. Kwenu ni ng'ambo ya ukuta huu."

Akatazama juu, akaliona bomba la mashine linavyotoa vumbi jeupe. Akautazama ukuta. Akalitazama gari. Nikaona inamrudia, kipande kipande.

"Ah," akasema. "Shangazi kanifikisha vizuri. Mimi ndiye sikumjibu."

Akampa Waya ufunguo wa gari. Akapanda nyuma, yeye ambaye hakuwahi kukaa nyuma.

Jioni binti akaja. Ni mtu wa maneno machache kama mimi, ila machache yake yana makali. Akaweka kiganja mezani.

"Mama, ufunguo."

"Wa nyumba au wa gari?"

"Usinichezee, mama. Leo ungegonga mtoto wa mtu."

"Sijagonga hata kuku tangu hujazaliwa."

"Ndiyo maana nauchukua leo. Kabla hujagonga."

Wakatazamana. Halafu binti akavuta kiti, akalainisha sauti, na hapo ndipo alipoharibu, maskini. Daktari alikuwa amemwambia awe anampima mama yake kwa maswali.

"Mama, leo ni siku gani?"

Dereva akakunja ncha ya sweta lake.

"Jana tulikula nini? Mama? Mimi nilizaliwa mwezi gani?"

Niliona mabega ya mke wangu yakishuka. Kwa kila swali yanashuka tena. Nilitaka kumwambia binti basi, lakini Dereva aliwahi. Akatoa ufunguo mfukoni mwa sweta, Waya alikuwa amemrudishia. Akauweka juu ya meza, si kwenye kile kiganja.

"Siendeshi tena," akasema. "Sikunyang'anywa. Nimeacha mwenyewe, na mkisimulia msimulie hivyo. Ufunguo utakaa kwenye msumari ule. Gari litakaa uani. Nikitaka kukaa ndani yake nitakaa."

"Sawa, mama."

"Na jambo jingine. Mkiniona nimepotea, msiniulize maswali. Shangazi hamumuulizi leo ni siku gani. Niambieni tu hapa ni wapi. Mengine nitahesabu mwenyewe."

Binti akaenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu, na hakukuwa na vyombo vya kuosha.

Tangu hapo nikawa na kazi mpya. Akiamka amekodoa macho, hakijui chumba, simuulizi kitu. Namwambia: hapa ni chumbani kwetu, dirisha liko miguuni, mlango kushoto kwako. Anatulia, unamwona anahesabu. Kisha anaondoka, anafika. Siku nyingine alihesabu vibaya akaishia stoo. Akatoka na ufagio, akasema ndio alioufuata. Akafagia uani kote ili nisibishe.

Siku binti akiwa hana kazi, anatuendesha. Dereva anakaa kiti cha abiria, mkono wake wa kulia unatafuta gia. Kuna barabara inayopita chini ya reli, ndefu, ina giza. Siku moja tulipoingia humo akamgusa binti begani.

"Tazama mshale. Humu Shangazi hasikii kitu, zege limeziba."

"Mbona unatembea?"

"Anakwenda kwa magurudumu. Anahesabu yamezunguka mara ngapi. Na kuna kidude kingine ndani kinahisi gari likipinda. Anakisia alipo. Waya kaniambia."

"Akikosea?"

"Kwanza anakosea kidogo. Akikaa sana chini, kosa linakua. Ngoja atoke nje asikie tena."

Tukatoka kwenye mwanga. Mshale ukaruka kidogo, ukakaa sawa juu ya barabara.

"Umeona? Kajirudisha. Wala hakuona haya."

Mbele kidogo binti akaegesha pembeni bila sababu, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa. Mama yake akamwambia kuegesha kwake ni kwa kubahatisha, gurudumu la nyuma limepanda ukingo.

Sasa narudi asubuhi ile ya sukari. Alimaliza chai, akanirudishia kikombe dirishani. Nilikuwa nakisuuza niliposikia honi. Honi moja, ndefu, haikatiki. Nikajua kabla ya kufika. Alikuwa ameangukia usukani.

Waya ndiye aliyekuja. Gari lililokuwa karibu ni lake Dereva mwenyewe, basi tukampeleka nalo, amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Ile picha ya nyumba alikuwa ameibonyeza tangu asubuhi. Kwa hiyo Shangazi alikuwa bado anaturudisha nyumbani. Tulipokuwa tunakwenda hospitali, yeye anasema, *Geuza gari ukiweza.* Tunavuka taa, *Geuza gari ukiweza.* Hakupandisha sauti hata mara moja. Waya akanyoosha mkono amzime.

"Mwache," nikasema.

Akamwacha. Akaendesha huku anafuta macho kwa bega.

Gari liko uani mpaka leo. Wapo wanaolitaka. Binti hanisukumi. Waya anakuja kulichaji betri, anafungua boneti, anapiga soga na injini, anaondoka. Juzi alisema ramani imezeeka, kuna kadi mpya imetoka, kichochoro chetu kimo. Akiitia, Shangazi atatufikisha mlangoni.

"Haina haja," nikamwambia.

"Nilijua, mzee. Nilitaka tu ujue ipo."

Asubuhi nakaa humo kidogo. Nakaa kiti cha abiria. Kile chake sponji imelala kushoto, na sitaishona tena. Nazungusha ufunguo hatua moja. Mshale unakuwa wa kijivu, nangoja. Ukigeuka bluu nasema, "Haya, tupo," kisha nazima, naenda kazini kwa miguu. Chai nayo nimeshindwa kuizoea. Nachemsha ya watu wawili, moja inapoa.

Siku ile hospitali walimlaza wodi ya wanawake. Binti alifika na koti lake la kazini, hakuwahi hata kulivua. Mchana Dereva akafungua macho. Yakaanza kuzunguka, darini, ukutani, darini, hayashiki kitu. Pumzi inakwenda mbio. Mkono unapapasa shuka, na mimi nikaukumbuka ule ukuta.

"Mama," binti akasema. "Mama, unanijua? Mimi ni na..."

Akajikata mwenyewe. Akafunga mdomo kwa kiganja. Akanitazama. "Baba, mwambie wewe."

Nikainama sikioni.

"Dereva. Hapa ni hospitali kubwa. Wodi ya wanawake, chini, kitanda cha dirishani. Nje ya dirisha ni ile barabara ya sokoni, yenye taa. Binti yetu yuko kushoto kwako. Mimi niko kulia."

Macho yakatulia. Akamtazama binti. Akatazama dirisha. Akanitazama mimi. Kisha kidole chake kikaanza kutembea juu ya shuka. Kikaenda moja kwa moja. Kikasimama, nadhani kwenye taa. Kikaendelea, kikapinda kushoto. Binti alitaka kuushika ule mkono, nikamzuia. Kidole kikapita mkunjo wa blanketi, kikapinda kona moja, kikapinda ya pili, kikanikuta pale nilipokuwa nimeweka mkono wangu. Kikasimama hapo.

Hakusema tena baada ya hapo, na jioni akaondoka. Lakini pale alisema, kwa sauti yake ile ya zamani, ya kumwambia abiria. Maneno yake nayaweka kama alivyoyasema:

"Basi si mbali."